Kipime Kabla Ajali Haijakipima

Sufuria mbovu utaijua siku ile ile unapoibandika jikoni. Kofia ngumu mbovu unaweza kuivaa miaka mitatu usiijue, maana muda wote huo haikuwa na kazi. Kazi yake ni sekunde moja, tofali linapodondoka kutoka ghorofa ya tatu, na sekunde hiyo haina marudio. Hapo ndipo muuzaji wa kifaa duni anapopata nafasi: mteja aliyeumia hana nguvu ya kurudi dukani, na ambaye hajaumia hana sababu.

Si kila kifaa cha bei nafuu kutoka ng'ambo ni feki. Viwanda vya China vinatengeneza sehemu kubwa ya vifaa vya kujikinga vinavyotumika duniani, vizuri na vibaya, na mara nyingine vyote viwili hukutana kwenye kontena moja na kupangwa kwenye meza moja Kariakoo au Gikomba. Kwa hiyo nchi kilikotoka haikuambii lolote, na bei inakuambia kidogo sana. Inabidi ukikague mwenyewe.

Kabla ya kukagua, shika kanuni tatu.

Kwanza, jaribio la mkono lina uwezo wa kukataa kifaa, halina uwezo wa kukithibitisha. Kikishindwa, habari yake imekwisha. Kikifaulu, umejua tu kwamba hakikushindwa hapo ulipokijaribu. Maabara ina mashine ambazo wewe huna.

Pili, usikijaribu kwa pigo kikiwa mwilini. Kofia inapigwa ikiwa haina kichwa ndani, buti likiwa halina mguu.

Tatu, nunua kimoja cha kuharibu. Kama mko kumi kwenye karakana au kijiwe cha bodaboda, changeni mnunue sampuli moja kwanza, muikate na kuigonga, ndipo mwagize zilizobaki kutoka shehena ile ile. Gharama ya sampuli mkiigawana haimuumizi mtu.

Anza na maandishi

Kifaa cha kweli kina maandishi kwenye mwili wake, si kwenye boksi tu: jina la mtengenezaji, aina, saizi na namba ya kiwango, kwa mfano EN 397 kwa kofia ya ujenzi au EN ISO 20345 kwa buti. Ukiona herufi "CE" peke yake, bila jina wala namba ya kiwango, umeona mapambo.

Alama ya CE yenyewe ni tamko la mtengenezaji kwamba amefuata sheria za Ulaya. Kwa vifaa vya hatari ndogo, kama glavu za bustani, anajitangazia mwenyewe. Kwa vifaa vya kukinga hatari inayoua au kulemaza kabisa, kama mikanda ya kupandia juu, barakoa za vumbi hatari na glavu za umeme, kanuni ya Ulaya namba 2016/425 inadai CE ifuatwe na tarakimu nne. Tarakimu hizo ni namba ya taasisi inayosimamia uzalishaji. Mkanda wa kupandia wenye CE bila tarakimu nne umejikana wenyewe. Zikiwepo, ziingize kwenye orodha ya taasisi hizo inayoitwa NANDO, iliyo wazi kwenye intaneti, uone kama taasisi hiyo inaruhusiwa kukagua vifaa vya kujikinga au ni ya kukagua lifti.

Usidhani karatasi zinatosha. Machi 2020, janga la Uviko-19 lilipopamba moto, serikali ya Uholanzi iliagiza zirudishwe barakoa zipatazo 600,000 zilizokwisha kusambazwa hospitalini. Zilikuja na cheti cha ubora, lakini zilipopimwa hazikukaa vizuri usoni na vichujio vyake havikufanya kazi ipasavyo. Ikiwa wizara nzima ilinasa, nawe chukua muda wako.

Kwa bidhaa zinazouzwa kwetu, tafuta pia alama ya shirika la viwango: TBS Tanzania au KEBS Kenya. KEBS ina huduma ya kuhakiki namba ya alama yake kwa ujumbe wa simu. Itumie ukiwa bado dukani, kabla hujatoa hela.

Baada ya maandishi, tunaingia kwenye majaribio. Tutaanza na vifaa ambavyo mkono wako unaweza kuvihukumu vizuri, tumalizie na vile ambavyo hauwezi kabisa.

Kizibao cha rifleta

Hiki ndicho rahisi kuliko vyote. Usiku, kitundike mahali penye giza, rudi nyuma hatua hamsini, kisha washa tochi ya simu ukiwa umeishika ubavuni mwa jicho lako. Usiishike kiunoni: utepe wa kweli hurudisha mwanga kule ulikotoka, kwa hiyo jicho lazima liwe karibu na tochi, kama macho ya dereva yalivyo karibu na taa zake. Utepe mzuri utawaka mweupe. Utepe uliopakwa rangi ya fedha tu utabaki kijivu. Ukitaka kipimo cha kulinganisha, weka kizibao kando ya namba ya gari. Utepe ukififia sana kuliko namba hiyo, kikatae. Kisha kifue mara kadhaa, urudie. Utepe unaobanduka kwenye beseni hautavumilia mvua za masika.

Jaketi okozi

Wavuvi na abiria wa Ziwa Victoria na pwani, hili ni lenu. Nguvu ya jaketi la kuelea huandikwa kwa nyutoni: 50, 100, 150 au 275, kufuatana na viwango vya ISO 12402. Nyutoni 100 ni nguvu ya kubeba kiasi cha kilo 10 zinazovuta kwenda chini. Chuma kikiwa majini hupungukiwa uzito kama moja ya nane, hivyo mawe ya mizani ya kilo 10 yatavuta kama kilo 8.7. Jaketi la mtu mzima lililoandikwa 100 lisiposhinda mzigo huo, limedanganya, tena kwa kiasi kikubwa.

Yafunge mawe vizuri kwenye mikanda ya jaketi, lishushe kwenye pipa au ufukweni penye kina, na hakikisha kuna kamba ya kulivuta. Likielea, liache humo hadi kesho yake na urudie. Majaketi mengine hujazwa sifongo inayofyonza maji: saa ya kwanza linaelea, saa ya kumi linakuwa mzigo. Januari 2016, polisi wa Izmir nchini Uturuki walikamata majaketi bandia zaidi ya 1,200 yaliyoshonwa kwa ajili ya wahamiaji waliokuwa wakivuka bahari kwenda Ugiriki. Ndani yalijazwa vitu vya kufungashia mizigo. Kwa hiyo chana mshono wa sampuli yako uone kilichomo. Povu zuri lina vijitundu vilivyofungwa. Ukilikamua chini ya maji halitoi mapovu wala halirudi likiwa zito.

Buti

Maandishi ya kwenye ulimi wa buti ndiyo yanayokuambia uliahidiwa nini. SB ni chuma cha vidole tu. S1P inaongeza kinga ya kuchomwa msumari, na S3 inaongeza pia kuzuia maji na soli yenye meno. Ukiona EN ISO 20347, hilo ni buti la kazi lisilodai kinga yoyote ya vidole, hata kama muuzaji ataapa.

Anza na sumaku mbele ya buti. Isiponasa, uliza kama kinga ni ya plastiki ngumu, kisha bonyeza kwa kidole gumba kwa nguvu zako zote. Ikibonyea hata kidogo, hilo ni kadibodi iliyovishwa ngozi. Pitisha sumaku kwenye soli pia. Isiponasa huenda kuna kitambaa maalumu badala ya bati, nacho kinaruhusiwa, ila hutakijua mpaka ukate soli ya sampuli. Bati au kitambaa hicho kifike ukingo hadi ukingo. Kipande kilichowekwa katikati tu kinaacha msumari upite pembeni.

Maabara hupima chuma cha vidole kwa nishati ya juli 200, yaani uzito wa kilo 20 ukidondoka kutoka urefu wa mita 1. Unaweza kuiga. Weka donge la udongo wa mfinyanzi ndani, chini ya chuma, lifikie dari yake. Funga uzito wa kilo 20 kwa kamba iliyopitishwa juu ya boriti, uuinue mita moja, watu wote wakae mbali, kisha uachie. Toa udongo na upime unene uliobaki. Kwa saizi 42 kiwango kinataka angalau milimita 14. Uzito wa maabara una ncha kama patasi, wa kwako huenda ni bapa na unasambaza pigo, kwa hiyo jaribio lako ni jepesi kuliko lao. Buti likifeli jaribio jepesi, zito halina haja ya kufanywa.

Miwani ya grainda

Cheche ya grainda au kipande cha diski kilichokatika hakikupi muda wa kupepesa. Kwenye kioo chenyewe tafuta herufi. Kwa kiwango cha Ulaya cha EN 166, S ni uimara ulioongezwa, F ni kioo kilichohimili kigololi cha chuma cha milimita 6 kikienda mita 45 kwa sekunde, ambayo ni kasi ya kilomita 162 kwa saa, na B ni mita 120 kwa sekunde. Kwa kiwango cha Marekani tafuta "Z87+"; alama ya kujumlisha ndiyo inayozungumzia mapigo makali.

Jaribio la S linaigika gereji. Omba gololi ya beringi yenye kipenyo cha milimita 22, iliyo na uzito wa gramu 43 hivi. Weka miwani ya sampuli juu ya kitu chenye umbo la uso, kama mpira uliotandikwa kitambaa, na udondoshe gololi kutoka mita 1.3 ilenge katikati ya kioo. Kwenye kioo kizuri gololi inadunda, au kioo kinabonyea kidogo. Kikipasuka vipande au kikichomoka kwenye fremu, umejua kingeyafanya nini macho yako.

Kioo cha kuchomelea

Hapa bei rahisi inapofusha watu polepole. Kioo cha kuchomelea kwa umeme kina namba ya giza, na kazi nyingi za mitaani zinahitaji 10 au 11. Kioo namba 11 huruhusu kama asilimia 0.005 ya mwanga unaoonekana. Miwani ya jua ya kawaida, ile nyeusi ya kundi la 3, huruhusu asilimia 8 hadi 18. Maana yake, fundi anayechomelea kwa miwani ya jua anapokea mwanga mara 1,500 au zaidi. Isitoshe, giza kidogo linaifanya mboni ipanuke, na kama kioo hakizuii mionzi ya urujuanimno, mlango umefunguliwa zaidi. Matokeo hayaji papo hapo. Huja baada ya saa kadhaa, usiku umelala, macho yanawasha na kutoa machozi kana kwamba yamejaa mchanga.

Fanya hivi. Soma namba iliyochongwa kwenye kioo chenyewe. Kisha, mchana ukiwa ndani ya nyumba, jaribu kusoma gazeti kupitia kioo hicho. Ukiona herufi, si kioo namba 10 wala 11. Weka tochi ya simu nyuma yake: unachotakiwa kuona ni nukta hafifu ya taa na si kitu kingine. Mwisho chukua taa ya kukagua noti, ile ya mawakala wa pesa, na umulike noti kupitia kioo. Alama za noti zikiwaka, mionzi inapita, kitupe. Zisipowaka, kumbuka kanuni ya kwanza: moto wa kuchomelea unatoa mionzi ya aina nyingi kuliko taa hiyo. Jaribio hili la noti usilitumie kwa miwani myeupe ya grainda, kwa sababu taa nyingi za bei rahisi hutoa mwanga wa zambarau ambao hata kioo kizuri huuruhusu.

Helmeti inayojitia giza yenyewe ijaribu kwa rimoti ya runinga: ielekeze kwenye vihisio na ubonyeze. Mara nyingi kioo kinafanya giza papo hapo. Rimoti isipoiamsha, jaribu cheche ya kiberiti cha gesi. Isipobadilika kwa chochote, usiipeleke mbele ya moto.

Glavu

Glavu za kazi zina picha ya nyundo na tarakimu nne chini yake: msuguano, kukatwa, kuchanika na kuchomwa, kwa mpangilio huo. Kiwango hicho ni EN 388. Herufi ya A hadi F inayofuata ni kipimo cha kukatwa cha mashine ya kisasa, na F ndiyo ya juu. X haimaanishi bora kabisa. Maana yake ni kwamba jaribio hilo halikufanyika.

Za kuchomelea zijaribu kwa moto. Kata ukanda mwembamba ndani ya pindo, ushike kwa koleo na uusogeze kwenye mwali. Ngozi huungua kwa harufu ya nywele na kubaki mkaa. Plastiki hujikunja, hudondosha matone na kuendelea kuwaka. Fanya vivyo hivyo kwa uzi: glavu ya ngozi halisi iliyoshonwa kwa uzi unaoyeyuka itafumuka kidoleni siku ya kazi.

Kofia

Kofia ya ujenzi ya EN 397 hupimwa kwa uzito wa kilo 5 unaodondoshwa kutoka mita 1. Usiichanganye na EN 812, ambayo ni ya kujikinga usijigonge kichwa kwenye bomba. Haikutengenezwa kuzuia kinachoanguka. Ndani kuna duara kama la saa: katikati ni mwaka wa kutengenezwa, mshale unaonyesha mwezi. Ibinye pande zote mbili kwa viganja. Inapaswa kuingia kidogo na kurudi bila mlio. Ikitoa sauti ya kukatika, au uso wake ukiacha unga mweupe kidoleni, plastiki imekufa kwa jua.

Helmeti ya bodaboda ni ngumu zaidi kuhukumu. Vua kitambaa cha ndani uangalie povu gumu: linapaswa kuwa na unene wa kama milimita 25 na kushika alama ukilibonyeza kwa kucha. Ukikuta sifongo laini peke yake, una kikapu. Ipime kwenye mizani: idara ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, inasema helmeti zisizofaa mara nyingi hazifiki nusu kilo, wakati zinazotimiza kiwango huwa karibu kilo 1.4. Funga mkanda, kisha mwenzako aivute kutoka kisogoni kuja mbele. Ikivuka kichwa, haikufai hata kama ni halisi.

Stika ya DOT isikulaze usingizi. Nchini Marekani mtengenezaji hujithibitishia mwenyewe, na stika zenyewe zinauzwa peke yake. Alama ya ECE hushonwa kwenye mkanda wa kidevu: duara lenye E na namba ya nchi, chini yake namba inayoanza na 05 au 06. Na usiigonge helmeti utakayoivaa. Povu lake hubonyea mara moja tu.

Barakoa ya vumbi

Kwa saruji, mawe na mbao, barakoa ya buluu ya hospitali haitoshi. Unahitaji FFP2, inayochuja angalau asilimia 94, au N95. N95 ya kweli ina namba inayoanza na TC-84A na mikanda ya kuzunguka kichwa. Ikiwa na vitanzi vya masikio, jina hilo imeliiba. Kata sampuli: katikati pawe na tabaka jeupe laini ambalo tone la maji halipenyi na ambalo huvuta vipande vidogo vya karatasi. Halafu ivae, ifunike kwa viganja na kuvuta pumzi: ikikunyonya usoni imekaa, upepo ukipita kando ya pua, chujio zuri halina faida.

Usivyovijaribu

Mikanda ya kupandia juu, kamba zake, na glavu za umeme havina jaribio la nyumbani. Mkanda unaweza kuning'iniza gunia la kilo 100 likitulia na ukakatika gunia hilo hilo likianguka mita 2. Glavu ya umeme ya daraja la 0, kwa kiwango cha IEC 60903, inaahidi volti 1,000, na tundu linalouvunja uwezo huo huenda usilione. Kuikunja na kubana hewa ndani usikilize kama inavuja ni ukaguzi wa kila siku wa glavu iliyokwisha kupimwa, na hata hiyo hurudishwa kupimwa kwa umeme kila baada ya miezi sita. Ukaguzi huo haubadilishi glavu ya mtaani kuwa salama. Kwa vitu hivi, nunua kwa muuzaji anayekupa risiti, cheti chenye namba ya bidhaa yenyewe, na tarakimu nne unazoweza kuzifuatilia. Ukikosa hela, kazi hiyo isubiri.

Na kabla hujatoa mfukoni, uliza nani alipaswa kulipa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya mwaka 2003, na ya Kenya ya mwaka 2007, zinamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga vinavyofaa. Neno "vinavyofaa" ndilo la kushikilia: ukiwa na picha ya gololi iliyotoboa miwani aliyokupa, una hoja ya kumpelekea yeye, au wakaguzi wa OSHA Tanzania na DOSHS Kenya.

Kilichoshindwa usikirudishe sokoni kwa kukigawa wala kukiuza kwa mwingine. Piga picha, andika duka na tarehe, peleka taarifa TBS au KEBS. Kisha kata mikanda, toboa kofia, chana buti, ndipo utupe. Jalalani kuna watu wanaookota, na kifaa kizima kitaoshwa na kuuzwa tena.